Kamanda Aliposhika Isale na Kuendelea Kusema

Jumapili, Julai. Baridi ya kuvaa sweta mbili, na mlima haujajitokeza tangu Alhamisi. Leo nimeshindwa mjadala, nami si mtu wa kushindwa mijadala.

Mnaonisoma hapa mnanijua: mwaka wa tatu chuoni, mwenyekiti wa bweni letu, mtu ambaye akipewa kipaza sauti kwa dakika tano hukirudisha baada ya ishirini. Leo nitajaribu kuandika bila kipaza sauti.

Kila Jumapili, baada ya ibada ya pili, tunakusanyika saluni kwa Mama Glory, mtaa wa Njoro, kutazama marudio ya *Kikosi cha Ukungu*, ile tamthilia ya waokoaji wa mlimani. Wanawake wanasukwa, wanaume wanajifanya wamekuja kuwasubiri wake zao. Shujaa wetu ni Kamanda Fadhili. Wiki iliyopita aliamuru kikosi kipande kabla ukungu haujaondoka. Naibu wake, Rehema, alimsihi wasubiri saa moja tu, naye akamwita mwoga mbele ya kikosi kizima. Wakapotea njia. Mpagazi mmoja akavunjika mguu.

Rehema alikuwa sahihi, na saluni nzima ilijua hivyo. Swali lilikuwa kama Kamanda bado anastahili kuongoza.

"Kamanda ni kamanda," alianza Kelvin, dereva wa bodaboda asiyekosa kipindi hata kimoja. "Kiongozi akisitasita, watu wanakufa."

"Na asiposikiliza, wanafufuka?" Mama Glory alimuuliza bila kuinua macho kutoka kwenye kichwa alichokuwa akisuka.

Nikasimama. Ndiyo, nilisimama, saluni, kana kwamba niko bungeni. Nikasema uongozi ni ujasiri wa kukosea mbele za watu. Nikasema historia haiwakumbuki waliosubiri. Kelvin akapiga makofi.

Baba mdogo Eliakimu, ambaye amekuwa kiongozi wa wageni mlimani tangu kabla sijazaliwa, alimeza chai yake taratibu. "Mwanangu," akasema, "kule juu, waliosubiri ndio wanaorudi kuisimulia hiyo historia."

Walicheka mpaka mwenye kusukwa akaambiwa atulize kichwa. Nami nilicheka, ila kicheko changu hakikufika mbali. Nilikuwa nikimtetea Kamanda kwa sababu ambayo hakuna aliyekuwa akiijua pale ndani.

Mwezi uliopita maji yalikatika bwenini kwetu kwa siku sita. Naibu wangu, Anjela, rafiki yangu tangu mwaka wa kwanza, aliandika barua, akakusanya saini, akaipeleka utawala ndani ya bahasha ya kaki. Akaniomba tusubiri siku moja. Mimi nikaitisha mkutano uwanjani. Na pale, mbele ya bweni zima, nilitamka sentensi niliyoiona nzuri kuliko zote nilizowahi kutunga: "Wapo miongoni mwetu wanaoingia ofisini na bahasha na kutoka bila sauti!"

Sikumtaja. Hakukuwa na haja ya kumtaja.

Kesho yake maji yakatoka. Watu wakanibeba mabegani. Jioni hiyohiyo nikaambiwa na mhudumu wa bweni kwamba pampu mpya ilikuwa imeshanunuliwa kabla sijafungua mdomo, kwa sababu ya barua ile. Nilinyamaza. Anjela wakambatiza "Dada Bahasha". Wakawa wanamwimbia akipita kwenye ngazi. Baada ya wiki mbili alihama, akapanga chumba mtaa wa Soweto, na sasa anaingia darasani mwalimu akishaanza na kutoka kabla hajamaliza.

Basi turudi saluni. Kipindi cha leo, Kamanda anakwenda nyumbani kwa akina Rehema, huku Uchaggani, akiwa na jani la isale mkononi. Kila aliyekulia kwenye migomba analijua: ukimkosea mtu, unampelekea isale, naye akilipokea, kesi imekwisha. Kamanda akasimama mlangoni, akaliinua jani, akaanza: "Rehema, nataka uelewe mazingira niliyokuwa nayo..."

"Ee!" Mama Glory aliacha kusuka. "Anaongea! Ameshika isale na anaongea!"

"Si anaomba msamaha?" Kelvin alishangaa.

"Anajitetea huyo. Aliyeandika hii tamthilia hajawahi kumkosea Mchagga."

Baba mdogo alitikisa kichwa kwa huzuni, kama aliyeona mgeni akianza kupanda na viatu vya kanisani. "Isale lina neno moja tu: nimekosa. Ukishalisema unafunga mdomo. Sababu ataziuliza mwenyewe, akizitaka."

"Mimi bado nampenda," Mama Glory akaongeza, sauti ikishuka. "Amekwenda kwa miguu yake. Wengi wetu tunatuma salamu."

Nilifungua simu. Humo ilikuwamo barua kwa Anjela ambayo nimekuwa nikiichonga kwa siku tisa. Ilianza hivi: "Ningependa uelewe mazingira." Nikahesabu "lakini". Zilikuwa kumi na moja.

Nikaifuta.

Baba mdogo hakuniuliza kitu nilipomwomba isale la uani kwake. Alinionya tu: "Kata la upande wetu. Ukikata lile la alama ya mpaka na jirani, utakuwa na kosa la pili la kuombea radhi."

Soweto nilifika saa kumi. Anjela alikuwa anafua. Nililishika jani kwa mikono miwili, nikasema nimekosa. Kisha nikanyamaza, na sijawahi kubeba mzigo mzito kama kimya kile. Sababu zilinijaa kooni, zimepanga foleni, kila moja imevaa suti.

Alinitazama. Povu likamkauka mikononi.

"Wewe? Umenyamaza?" akasema hatimaye. "Ngoja nikumbuke tarehe." Kisha uso wake ukabadilika. "Mimi ni Msukuma, unajua. Hili jani kwetu halimalizi kesi. Halinilazimishi."

Nikaitikia kwa kichwa. Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimekwenda na ufunguo wa kwetu kwenye mlango usio wa kwetu.

"Uliniitia watu uwanjani," akasema, "halafu unakuja kuniomba radhi kwenye beseni."

Alilichukua jani. Hakusema amenisamehe. Alilitia kwenye jagi la maji, akaliweka dirishani, akaniuliza kama huwa linatoa mizizi. Nikamwambia hutoa. Akasema, "Tutaona," akarudi kwenye nguo zake. Nilipomuuliza kama naweza kuandika jina lake hapa, alijibu bila kugeuka: "Uliacha kulitaja pale lilipohitaji utetezi. Litaje."

Bado nampenda Kamanda Fadhili. Nampenda zaidi sasa, kwa kuwa najua jinsi mdomo unavyowasha, mkono ukiwa umeshika jani. Ila sitamtetea tena ili kujitetea mimi.

Kesho ni Jumatatu, na bweni lina mkutano uwanjani. Nimeomba nafasi. Baba mdogo ameniuliza hotuba itakuwa ndefu kiasi gani. Nimemwambia ni hii hapa, yote:

Anjela ndiye aliyeleta maji, nami nilimzulia.

Kisha nitarudisha kipaza sauti.