Jicho Moja Lililohesabiwa Mara Tatu

Nyumbani kwa Mama,
chumba cha uani.
Jumatatu, tarehe 3 Machi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Jana, baada ya ibada ya kwanza, katibu wa baraza la wazee alisimama na karatasi yake akatangaza kwamba shauri la wizi wa vipaza sauti vya kwaya sasa lina mashahidi watatu, na kwamba wa tatu ni wewe. Jina hakulitaja. Alisema "ndugu yetu mwalimu aliye ughaibuni", na kanisa zima likageuka kumtazama Mama.

Nimetanguliza hilo kwa sababu ndilo jipya. Salamu hazijapotea. U hali gani huko? Wifi mgongo unaendeleaje, na watoto shule inakwendaje? Sisi huku wazima. Goti la Mama linamsumbua asubuhi, likishapata joto anatembea kutuzidi. Kikohozi changu kimeisha. Mdogo wetu wa cherehani ni mzima wa mwili. Ya moyoni mwake utayaona hapa chini.

Nimeshika kalamu kwa sababu simu ndiyo iliyotufikisha hapa. Na nina hasira, Kaka. Jana nzima nimeiacha ipoe, haikupoa, kwa hiyo naandika nayo hivyo hivyo. Ila nitajitahidi kila neno ninaloliweka hapa liwe na mwenyewe.

Unajua kwamba tangu mwaka jana mdogo wetu anafundisha ushonaji katika kile chumba cha nyuma ya ukumbi wa kanisa. Wanafunzi wake ni wanawake saba waliotoka gerezani. Mmoja wao tunamwita Sindano, kwa kuwa hutunga uzi huku anaongea na mtu, bila kutazama. Aliiba kwa mwajiri wake, akakiri, akafungwa. Ametolewa kabla ya muda wake kwisha, na kila Jumatatu anaripoti kwa ofisa anayemsimamia. Amebakiza miezi kumi na minne. Binti yake wa darasa la tano alikaa kwa bibi yake miaka mitatu; amerudi kuishi na mama yake Januari hii.

Alhamisi tarehe 6 Februari, kisanduku cheusi chenye vipaza sauti vinne kilitoweka kabatini, mle ukumbini. Sasa baraza litakaa kuamua mambo mawili: kulifunga darasa, na kumwandikia yule ofisa kwamba Sindano ameiba tena. Barua hiyo ikifika mezani kwake, hakuna atakayeuliza la ziada. Sindano atarudi gerezani, mtoto atarudi kwa bibi.

Nikafanya ninachokifanya kazini, gazetini. Nilimfuata kila shahidi nikamwuliza aliona nini kwa macho yake.

Nilianza na mtunza ukumbi. Tarehe 9 Februari aliniambia, pale langoni, kwamba siku ile aliona mtu akitoka na mfuko. Tarehe 16 huyo mtu alikuwa "mmoja wa wale wa cherehani". Juzi Jumamosi, akipanga viti, alisema ni Sindano.

"Uso wake uliuona?"

"Mvua ilikuwa inanyesha, dada."

"Sijauliza mvua."

"Niliona mgongo. Na aproni ya kijani."

"Sasa Sindano umemjuaje?"

"Si ndivyo wanavyosema wote?"

"Wote nani?"

"Mwalimu wa kwaya. Na kaka yako. Mtu kama kaka yako atasema uongo?" Akaendelea na viti vyake.

Aproni ya kijani, Kaka. Somo la kwanza la darasa lile ni kila mwanafunzi kujishonea aproni, na kitambaa chote kilitoka jora moja. Wanafunzi saba, aproni saba. Ya nane ni ya mdogo wetu. Ya tisa alipewa Mama, anapikia nayo, kwa hiyo baraza lisimsahau naye. Kila mwanafunzi hutoka na mfuko, maana hupewa kazi ya kumalizia nyumbani. Wala hakuna hata mmoja anayesema aliona kisanduku ndani ya mfuko ule. Mwizi alivaa kijani, Sindano anavaa kijani, basi Sindano ni mwizi. Kwa akili hiyo, ng'ombe ana miguu minne, meza ina miguu minne, twendeni tukaikamue meza.

Mwalimu wa kwaya yeye hakuona chochote. Alikiri mara moja, bila haya. Alhamisi hiyo alikuwa kwa daktari wa meno. Alicho nacho ni maneno ya mtunza ukumbi, pamoja na nyongeza yake mwenyewe. Aliniuliza, "Kati ya watu wote wanaoingia hapa, nani tunajua aliwahi kuiba?" Nikamwambia wanaojulikana ni hao, wasiojulikana yuko anayewajua. Hakucheka. Ndiye aliyekupigia simu, kwa kuwa mlikaa dawati moja shuleni.

Halafu ukaja wewe.

Tarehe 19 Februari ulituma sauti yako kwenye kundi la familia. Nimeisikiliza mara nne, nikainakili: "Nimethibitishiwa na watu wa kuaminika kwamba yule mwanamke ndiye. Mwondoeni kabla hajatuchafulia jina." Sekunde kumi na moja. Hao watu, Kaka, ni mtu mmoja, na huyo mmoja naye alisimuliwa. Jumapili iliyofuata Mama akamsikilizisha katibu uwanjani kwa kanisa, simu imefunguliwa sauti hadi mwisho, kwa sababu mwanawe wa kwanza akisema jambo, kwake limekwisha. Katibu akaandika. Mwalimu wa kwaya akamwendea mtunza ukumbi akamwambia hata mwalimu wa huko mbali amethibitisha. Na mtunza ukumbi, aliyekuwa na mgongo tu, akapata uso.

Umeona ilivyozunguka? Habari ilitoka mdomoni mwake, ikapanda ndege kuja kwako, ikarudi imevaa suti na tai, na yeye mwenyewe akaipokea kama mgeni.

Jana mchana nilikwenda kwa katibu. Ofisi yake unaikumbuka: meza, mihuri mitatu, feni isiyozunguka. Nilimwambia kwamba kanuni ya mashahidi wawili au watatu tuliyoipokea haikuwekwa ili tuhesabu midomo. Iliwekwa kumlinda anayeshtakiwa, mtu asiangamie kwa neno la mwenzake mmoja. Wao wamechukua jicho moja, tena lililotazama mgongo kwenye mvua, wakalihesabu mara tatu.

Akaniangalia juu ya miwani. "Dada mwandishi, wewe uko upande wa kanisa au upande wa wahalifu?"

"Kwani pande ni mbili tu?"

"Mbele za Mungu ni mbili."

"Basi mimi niko upande wa kisanduku. Mmekitafuta wapi?"

Hawajakitafuta. Wiki tatu na siku kadhaa, Kaka, na hakuna aliyelifungua hata kabati la pili, ambalo liko hatua mbili kutoka lile la kwanza. Katibu akasema kazi yangu imeniharibu, nimezoea kumshuku kila mtu. Inawezekana. Lakini tabia yangu, iwe nzuri iwe mbovu, haifungui kabati.

Akaniambia pia kwamba Sindano alipoitwa mara ya pili alinyamaza, na kunyamaza ni kukiri. Nikaomba nione alichoandika mara ya kwanza. Mara ya kwanza alilia, na katibu aliandika kwamba dhamiri inamsuta. Akilia amekiri, akinyamaza amekiri. Nikamwuliza mtu asiye na kosa auweke vipi uso wake ili wao wamtambue. Akanishauri nikaombe. Nimeomba. Hasira imebaki.

Sikwambii kwamba Sindano hakuiba. Sijui. Kabla hajakatazwa kufika, nilikaa naye katika chumba cha darasa, cherehani sita zimefunikwa, moja ndiyo inafanya kazi, nikamwuliza wazi. Alisema, "Nilipoiba nilisema nimeiba. Safari hii niseme nini?" Jibu zuri nalo si ushahidi, nimeliandika tu kama nilivyolisikia. Ninachokwambia ni kwamba hakuna anayejua, na hao wasiojua wako tayari kutia sahihi.

Usidhani nasema haya kwa kujiona msafi. Mwaka wangu wa pili kazini niliandika kwamba dereva mmoja wa kiwanda alikuwa amelewa siku ya ajali. Nilikuwa na watu wawili waliosema hivyo. Alipokwisha kufukuzwa kazi ndipo nikagundua kwamba wa pili alisikia kwa wa kwanza. Tulichapisha masahihisho, mistari mitano, ukurasa wa ndani. Kazi hakurudishiwa. Tangu siku hiyo simwulizi mtu amesikia nini kabla sijamwuliza alikuwa wapi.

Sasa nikuambie kinachonichoma kweli. Wewe si mjinga. Umefundisha hesabu miaka ishirini. Mwanafunzi akikuletea jibu bila njia, hata likiwa sahihi, unampa sifuri. Umejisifia hilo mbele yangu mara ngapi? Na jina la familia unalotaka lisichafuke alituachia Baba. Alikuwa seremala na mzee wa kanisa, na hajawahi kukata ubao kwa kipimo cha kusimuliwa. Mteja akimwambia mlango wake upana ni huu, Baba alimshukuru, akachukua futi yake ya chuma, akaenda mwenyewe. Alituambia kwamba tumeagizwa kumpenda Mungu kwa akili pia, na kwamba akili ndiyo watu huiacha mlangoni pamoja na miavuli. Futi ile ulipewa wewe. Nauliza tu kama bado unayo.

Wako wanaodhani imani ni kuamini upesi. Kuamini uvumi upesi kuna jina jingine, na liko katika zile amri kumi, lile la kumshuhudia jirani uongo. Amri ile haisemi jirani asiye na rekodi. Kila Jumapili tunasimama kusema kwamba tumesamehewa, halafu tunamgeukia mwanamke aliyetubu na kumwambia toba yako ndiyo ushahidi wetu. Kama angekana kosa la kwanza, leo baraza lisingekuwa na la kumwambia. Hilo ndilo fundisho tunalompa, na wale sita wenzake wanalisikia.

Mdogo wetu hakutumi maneno mengi. Aliniambia, "Msalimie tu. Nikiongeza neno nitatenda dhambi." Darasa bado linaendelea, lakini wanafunzi wamekuwa wanne. Wawili wameacha kuja, na Sindano ameambiwa asikanyage ukumbini mpaka shauri liishe.

Mama aliniuliza jana kama mwanawe amekosea. Nilimwambia amwulize mwanawe. Ameifua ile aproni, ameikunja, na sasa anapikia kanga.

Basi ninachokitaka kwako ni hiki. Katibu anasema ushahidi ulioingia kwenye kitabu hautoki kwa simu; unatoka kwa maandishi yenye sahihi ya mwenyewe. Andika nani alikuambia, tarehe gani, na wewe ulikuwa wapi tarehe 6 Februari. Andika uliona nini. Hapo karatasi haitakuishia. Usiandike kwamba unamwombea huruma, wala kwamba mimi nimekusihi. Sikutumi useme hana hatia. Sema tu usichokijua, kwa sauti ile ile uliyosemea kana kwamba unajua. Ukitoka wewe, mwalimu wa kwaya anabaki na maneno ya mtunza ukumbi, na mtunza ukumbi anabaki na mgongo wake. Hapo baraza litalazimika kufanya kazi ambayo halijaifanya. Ufunguo wa kabati la pili anao mwalimu wa kwaya. Nimemwomba mbele ya Mama aje nao siku ya kikao, amekubali.

Ukikataa, nitasimama mbele ya baraza na kusoma hii hesabu yote, pamoja na sekunde zako kumi na moja. Sitafanya kwa kisasi. Nitafanya kwa sababu ndivyo ilivyotokea. Lakini ningependa zaidi uiandike wewe mwenyewe, kwa mkono wako, kabla yangu.

Nisalimie wifi, mwambie dawa ya mgongo aliyoiulizia nimeipata. Wasalimie watoto wote, na yule mdogo mwambie shangazi bado anamdai mchoro wa tembo. Shangazi mkubwa anakusalimu. Yeye hajui lolote na hakuna aliyemwambia, tuombe ibaki hivyo. Binamu fundi bomba naye anasalimu, amepata mtoto wa kike. Mama amesema niandike kwamba anakupenda, na nimeandika.

Mungu akulinde kazini na njiani, na akupe kalamu nyepesi wiki hii.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata leo.

Tanbihi: Barua hii anakuletea jirani yetu muuguzi, atafika kwenu Ijumaa tarehe 7. Anarudi huku kwa basi la Alhamisi tarehe 13, saa moja asubuhi, na ameahidi kupita kwako Jumatano kuchukua karatasi yako. Baraza linakaa Jumamosi tarehe 15, saa nne asubuhi. Wa kwanza kuitwa kwenye orodha ni shahidi wa tatu.