Joto Lisilokimbia

Mama yangu, uliyelala huko chini ya shamba la majani chai,

Nakuandikia kwa mkono mmoja. Wa pili unashikilia mgongo wa mjukuu wako. Nimemfunga kifuani kwa leso, ngozi kwa ngozi. Alizaliwa kabla ya wakati, na ni mdogo, mama, mdogo mpaka naogopa kupumua kwa nguvu. Jana tuliporuhusiwa kutoka hospitali, muuguzi alituonya: "Asipate baridi. Miguu ikipoa na akikataa kunyonya, mrudi mbio." Na wewe unaijua baridi ya hapa Kibugu mwezi wa Julai. Ukungu umeketi mlangoni tangu asubuhi kama mgeni asiyeaga.

Kendi, mke wangu, amelala. Yeye alimbeba usiku kucha, sasa ni zamu yangu. Kila mara naishika ile miguu. Nikiiachilia tu, wasiwasi unarudi.

Tuko jikoni kwako. Unakumbuka nilivyojenga nyumba ya mabati, kuta na paa, nikaringa kwamba fundi hatafuti fundi? Ulikataa kabisa kuhamia. "Hiyo nyumba yako jua likiwaka ni jiko, jua likizama ni mtoni," ulisema, ukarudi kwa ukuta wako wa udongo. Jana jua lilizama, na kabla sijafunga dirisha bati lilikuwa limeachilia joto lote. Nikamwambia Kendi tuhame papo hapo. Tuliwasha moto huku jikoni mtoto akiwa bado kule, tukatoa makaa nje, tukaacha mlango wazi mpaka moshi ukaisha. Asubuhi hii mafiga bado yalikuwa na uvuguvugu, na ukuta pia. Udongo mnene hauna haraka.

Nimekuwa nikikumbuka nduma zako, yale magimbi ya kuchemsha. Nilipoanza shule ulikuwa ukinitilia mbili za moto mifukoni, moja kila upande. "Mikono ndani, na usile kabla ya kengele!" Tukipiga foleni wenzangu wanatetemeka, mimi vidole vyangu vina raha. Lakini kikombe cha bati cha chai kilinichoma midomo, na nikimeza funda la mwisho kimeshapoa. Nikakuuliza kwa nini. Ulicheka sana. "Nduma imejaa maji, na maji yakishika joto hayaliachi ovyo. Bati ni kama shangazi yako, hasira juu, hasira chini."

Basi jana nilitaka kupasha jiwe, nilifunge kwa kitambaa na kuliweka kando ya mtoto. Nikampigia muuguzi kumuuliza. Aii, alinikemea! "Jiwe linakaa na moto mwingi kuliko unavyodhani. Litamchoma, na hana nguvu ya kulia. Wewe mwenyewe umejaa maji, joto lako halipandi wala kushuka ovyo. Mbebe." Kwa hiyo leo nduma ni mimi.

Baba Njeru, jirani yetu, alikuja kuazima jembe akanikuta kifua wazi, leso shingoni. "Haiya! Kumbe ni wewe umezaa?" Unajua huku kwetu mwanaume habebi kichanga, tena kwa leso. Siku nyingine ningetafuta pa kujificha, lakini hofu haijaniachia nafasi ya aibu. Akasogea, akachungulia, kicheko kikamwisha. "Funika kichwa hicho," alisema polepole. Akaenda bila jembe, akarudi na kofia ya sufu iliyofumwa na mkewe.

Kuna jambo linanitesa zaidi ya baridi. Huyu ni binti wetu wa kwanza, na kwa desturi yetu jina ni lako. Simu zinaingia, "Mmemwita jina?" nami nasema bado. Kendi haulizi, amenielewa. Naogopa nikimwita jina lako halafu aende, nitakuwa nimekuzika mara ya pili. Aki mama, sitaweza.

Hapo nilisimamisha kalamu. Nilishika miguu yake nikakuta imepoa. Nikaisugua, nikampulizia uso, nikamgusa shavu. Hakutingisha hata kope. Ngai wangu! Nikajisikia nikipiga kelele, "Wawira! Wawira!" Sikuwa nimepanga. Jina lako lilitoka lenyewe.

Kendi aliruka kutoka kitandani, akatufunika sote wawili kwa blanketi, akakandamiza mikono yake juu ya ile miguu. Tukangoja. Kisha mtoto akakunja uso, akafungua mdomo, akalia kwa hasira, kasauti kadogo lakini ka hasira kweli. Kendi akamchukua, akamweka kwenye titi, naye akashika.

"Basi umemwita," akaniambia, machozi yakimtoka.

Ananyonya sasa, na miguu ninayo mkononi. Pumzika, mama. Mimi bado siwezi.

Mwanao,
Baba Wawira