Mahali pa Tatu

Elisabethville, tarehe 12 Januari 1964

Kwako Yaya Mathieu, kaka yangu na baba yangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo Uvira, mtaani Kilibula, wewe na Koko wetu Pétronille, nyanya aliyetulea. Hamjambo? Mguu wa Koko unaendeleaje? Bado anakutafutia bibi wa kuoa, au amechoka? Mimi ni mzima, ila mvua ya hapa haina adabu, inanyesha hata jua likiwaka.

Yaya, nina habari, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla ya kukasirika. Hapa université, chuo chetu kikuu, katika faculté ya lettres, kitivo cha lugha na fasihi, hawakupangii kila kitu. Mwanafunzi anajipangia mwenyewe masomo ya miaka inayofuata. Unachagua somo la kwanza, la pili, na mahali pa tatu ni pako: weka unachotaka, hata kitu cha faculté nyingine. Mpango lazima uwe mezani kwa sekreteri kabla mwezi wa sita haujaisha. Somo la kwanza nimechagua historia. La pili, lugha za Afrika. La tatu nataka nyimbo na hadithi za wazee. Usicheke! Ni somo kamili, lina profesa wake. Lakini profesa huyo hampokei mtu mwenye mikono mitupu. Anataka kila mmoja alete kitu cha kwao, kizima, toka mwanzo mpaka mwisho, pamoja na maelezo yake.

Nimefikiria wimbo wa kilio wa Koko, ule aliouimba tulipomzika Baba. Nilikuwa mdogo, nakumbuka sauti tu, maneno hapana. Tafadhali kaa naye uniandikie kila neno kwa Kifuliiru, lugha ya kwao. Bila wimbo huo sipati nafasi, na bila nafasi hiyo sijui nimekuja huku kufanya nini.

Msalimie Koko sana.

Ni mimi mudogo wako,
Apolline


Uvira, tarehe 3 Februari 1964

Mudogo wangu Apolline,

Salamu. Sisi tuko. Koko iko muzima. Mguu unamuuma mvua ikikaribia, ulimi haumuumi siku yoyote. Bibi wa kuoa amekwisha kupata watatu, wote minye mwenyewe sitaki. Na weye, unakula vizuri? Usituandikie "mimi ni mzima" kama unalala na njaa.

Nimesoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, ndipo nikakasirika. Nyimbo za kilio! Mutoto wa kwanza wa mtaa wetu kufika université, ulipanda meli mpaka Albertville, ukapanda treni, ili uende kujifunza kulia? Kulia tunajua hapa, tena bila profesa.

Nisikilize. Tangu uhuru, ku biro ya territoire, hii ofisi ya serikali ninamokaa karani, iko viti vingi kuliko watu wanaojua kuvikalia. Minye ni mmoja wa hao wasiojua. Shule yangu ilikatika siku Baba alipokufa, na kila karatasi inayopita mezani pangu inanikumbusha. Weye mahali pa tatu weka droit administratif, sheria za utawala. Historia sawa, lugha sawa, zipambe meza. Lakini droit ndiyo chakula. Hicho Kifuliiru chako, nani atakuajiri nacho? Minye mwenyewe nimekaa mjini mpaka kinanipotea, na sijafa.

Huku bondeni mwa Ruzizi watu hawana usingizi. Vijana wanaingia porini kwa waasi, hawarudi. Sokoni Mulongwe mama mmoja ameniita karani kwa sauti ambayo zamani watu walitumia kwa kumuita mwizi. Koko anasema nivue kravati, hii tai yangu ya ukarani. Nimemwambia hiyo ndiyo kazi yangu.

Weka droit. Nimemaliza.

Yaya wako,
Mathieu


Elisabethville, tarehe 27 Februari 1964

Kwa Yaya Mathieu,

Hamjambo hapo nyumbani? Mimi sijambo. Ninakula.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikalia, mara ya pili nikakasirika, na sasa ninakuandikia nikiwa bado na hasira, unisamehe. Droit ni hamu yako, Yaya. Uliacha shule ili mimi nisome, na hakuna siku inayopita bila mimi kulikumbuka hilo. Lakini nikikaa darasani pale kwa ajili yako, tutakuwa wawili tusiosoma tulichotaka. Je, hiyo itakufurahisha?

Tena unasema Kifuliiru kimekupotea na hujafa. Koko siku akienda, nani atamlilia kwa lugha yake? Mimi sijui. Wewe hujui. Tutamzika kwa Kifaransa?

Sikuombi ukubali. Nakuomba wimbo tu. Kaa naye jioni moja.

Mudogo wako,
Apolline


Uvira, tarehe 19 Aprili 1964

Apolline,

Salamu za hapa nyumbani. Koko muzima, minye muzima. Weye uko aje?

Sitajibu yale ya kuzika kwa Kifaransa. Ulinipiga mahali panapouma, na ulijua.

Basi nilikaa naye. Jioni moja! Jioni tatu nilikaa, maana kila nikikosea neno moja anacheka mpaka anashika ubavu, kisha anaita jirani aje asikie karani anavyosema Kifuliiru. Kuna siku nilitupa kalamu. Lakini nimeuandika, na karatasi yake iko ndani ya bahasha hii. Kwa Kiswahili maana yake ni hivi:

Nani alikufungulia mlango, sisi bado tumelala?
Jembe lako liko pale, umelisahau.
Maji yako yako motoni, umeyaacha.
Tukuite mara ngapi?

Hapo akaukata. Nikamwambia, Koko, profesa anataka na mwisho. Akaniangalia kama nimemtukana. Akasema mwisho unaimbwa kwa maiti tu, mlangoni, wakati wa kutoa mwili, au na wafiwa njiani kwenda kuzika. Mutu akiumaliza bure, bila maiti, wimbo unaanza kutafuta mutu wake wa kufa, na hauondoki nyumba hiyo bila kumpata. Kule kwao Rurambo, mlimani, kila mutu anajua, hata mlevi akiuanza anaishia hapo. Nilipouliza tena alishika mwiko, nikatoka mbio. Mwisho huo niliusikia siku ya Baba, lakini siku ile sikuwa na masikio.

Basi mwombe profesa aupokee hivyo. Na minye bado nasema droit.

Bondeni nyumba za watu zinaungua. Tunauona moshi tukiwa ku biro. Norbert, yule tunayekaa naye meza moja, ameshapeleka watoto wake Bujumbura. Ameniuliza nangoja nini. Koko na mguu wake, nitamweka wapi?

Yaya wako,
Mathieu


Elisabethville, tarehe 8 Mei 1964

Kwa Yaya wangu,

Hamjambo? Mko salama kweli? Jibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Asante. Nimeusoma wimbo nikasikia sauti ya Koko chumbani humu, nikafunga mlango wenzangu wasinione. Lakini profesa amekataa. Anasema kipande si kitu kizima. Yaya, mwambie Koko auseme tu, asiuimbe. Anong'one. Au aseme neno moja moja leo, lingine kesho, si itakuwa hajaumaliza? Tafadhali. Mwezi wa sita uko karibu.

Na wewe vua hiyo kravati.

Mudogo wako,
Apolline


Elisabethville, tarehe 24 Mei 1964

Yaya Mathieu,

Hamjambo? Radio imesema Uvira imeshikwa na waasi. Posta wamekataa kupokea barua ya huko, hii naipitisha Bujumbura kwa masista wa misioni. Wanasema waasi wanatafuta makarani na walimu. Toka hapo. Chukua Koko mtoke. Wimbo uache, nisamehe kwa kukusumbua na wimbo.

Niandikie hata jina lako tu.

Apolline


Elisabethville, tarehe 29 Juni 1964

Yaya,

Hujambo? Koko hajambo? Naandika salamu, sijui namsalimu nani.

Leo nimepeleka mpango kwa sekreteri. Mahali pa tatu nimeandika droit administratif. Umeshinda. Nitaisoma vizuri, nitakuwa wa kwanza darasani, utaona. Sekreteri amesema mahali pa tatu panaweza kubadilishwa mpaka mwisho wa Novemba, nikileta barua ya mlezi. Nimemwambia sitabadilisha, mlezi wangu ndiye aliyechagua.

Umeshinda, Yaya. Sasa nijibu.

Mudogo wako, mudogo wako,
Apolline


Uvira, tarehe 25 Oktoba 1964

Nenda. Mlango tutaufunga sisi.
Moto tutauzima sisi.
Usigeuke.

Apolline, sikuanza na salamu. Huo ndio mwisho wa wimbo. Ukiuona umeandikwa kwa mkono wangu, unajua kwamba mutu amekufa. Ni Koko. Minye niko hai. Kaa chini kwanza, kisha usome.

Waasi walipoingia, Norbert walimchukua ku biro, akiwa na kalamu mkononi. Sijamwona tena, na mwili wake haukupatikana. Minye siku ile nilikuwa nyumbani, Koko alikuwa ameniangukia miguuni asubuhi nisitoke, ananishika suruali kama mutoto. Nilimkasirikia! Baadaye nikachoma kravati, nikachoma viatu, nikavaa kaptula ya marehemu Baba. Tukaondoka kwenda kwao Rurambo, minye nimebeba mkeka na sufuria, yeye na fimbo yake.

Njiani kabla ya kupanda mlima iko kizuizi cha waasi. Mchana kweupe. Mkubwa wao alikuwa mwanaume wa makamo, kofia ya ngozi kichwani, na alisema Kifuliiru cha mlimani. Akaniambia nitoe mikono. Weye unajua kidole changu cha kati, ile sugu ya kalamu. Nilikuwa nimeisugua kwa jiwe mpaka damu, lakini sugu ya miaka haitoki kwa siku moja. Akaishika, akaibonyeza, akauliza: "Hii umeipata kwa jembe gani?"

Ndipo Koko akaweka mikono kichwani akaanza kuimba. "Nani alikufungulia mlango." Akamwambia yule mutu tunakwenda kuzika, mkeka huu ni wa maiti, huyu ni mjukuu wangu wa kuitikia. Mkubwa akanigeukia, akasema: "Basi aitikie." Na minye niliitikia. Jembe lako liko pale. Maji yako yako motoni. Kila neno lile alilonicheka nalo, niliitikia bila kukosea. Bila barua zako ningesimama pale bubu, na usingekuwa unasoma haya.

Lakini yule mutu hakuondoka. Alibaki kusikiliza. Tulifika "Tukuite mara ngapi," na nikaelewa anachongoja. Mutu wa Rurambo yule. Alijua kwamba kama hakuna maiti kweli tunayekwenda kumzika, mama mzee ataishia hapo.

Koko aliniangalia. Kisha akaumaliza wote, polepole, mpaka "Usigeuke." Mkubwa akavua kofia. Akasema, "Poleni, Mama. Piteni." Hakunitazama kidole tena.

Tulitembea mpaka mtoni. Hapo nikamwambia, Koko, umefanya nini? Akasema: "Usiogope. Nilipouimba nilitaja jina langu moyoni. Hautakutafuta weye."

Kule juu wakati wa kiangazi baridi inauma. Alianza kukohoa mwezi wa nane. Wafugaji walituletea maziwa, aliyaonja tu kwa adabu. Nilimkaripia, nilimbembeleza. Alinijibu kwamba amechoka, nisimfanyie kelele. Alikufa asubuhi, nikiwa nje nakata kuni. Nilirudi nikakuta mlango uko wazi.

Nilimuimbia minye. Mbele ya wazee wa kwao wote, kwa Kifuliiru. Nilimaliza.

Nimerudi Uvira juzi, jeshi limekwisha kufukuza waasi, na masista waliotoka Bujumbura wakanipa barua zako zote pamoja. Nimesoma ile ya Juni. Apolline, sikutaka kushinda hivyo. Barua hii ndiyo barua ya mlezi, mpelekee sekreteri: minye, Mathieu, kaka yake, nakubali mahali pa tatu paandikwe nyimbo na hadithi za wazee. Droit itoe. Na profesa mpe wimbo mzima, sasa unao.

Yaya wako,
Mathieu


Elisabethville, tarehe 29 Novemba 1964

Kwa Yaya Mathieu, kaka yangu aliye hai,

Salamu. Salamu tena. Nakusalimu asubuhi, mchana na jioni. Mikono yako imepona? Unalala? Nani anakupikia?

Barua yako ilifika jana. Niliifungua ukumbini, nimesimama. Nilisoma mistari ile mitatu, nikakaa chini sakafuni kabla sijafika kwenye jina. Kwa muda ule mfupi nilifikiri mwandiko ni wako, na maiti pia ni wewe. Sitaki tena kupita hapo maishani.

Nimemlilia Koko peke yangu. Sikuimba. Umeshaimba.

Leo asubuhi nilimwonyesha sekreteri ukurasa wa mwisho tu wa barua yako, akanipa mpango wangu, nikaenda nao kwa profesa. Nilimpa wimbo, nikaishia "Tukuite mara ngapi." Akauliza, mwisho bado haujapatikana? Nikamwambia umepatikana, ninao hapa mfukoni, na sitaupa mtu, kwa sababu hapa chumbani hakuna maiti. Alikunja uso. Akasema, basi nitajuaje kama wimbo huu ni mzima? Nikamsimulia kizuizi. Nilimsimulia yote, kidole, mkeka, kofia ya ngozi. Pale katikati nilijua nafasi naweza kunyimwa, lakini mwisho wa Koko hautakaa kabatini kwa mtu.

Kisha akavuta mpango wangu, akakata droit kwa mstari, akaandika nyimbo, akatia sahihi. Aliniambia niketi mbele darasani.

Kwa hiyo mahali pa tatu pamejaa, Yaya. Nimepapata kwa karatasi uliyoandika jioni zile tatu, Koko akikucheka.

Nina ombi moja. Ukiniandikia, anza na salamu. Hata kama huna habari, hata kama una hasira na mimi, andika kwanza hamjambo, sisi tuko.

Ni mimi mudogo wako,
Apolline