Injili Niliyokusomea Kwenye Simu

Baba,

Leo ni miezi saba tangu tukuzike, ingawa kusema "tukuzike" ni kujipendelea. Wao ndio walikuzika. Mimi nilikuwa hapa Doha, natandika vitanda vya wageni hotelini The Pearl, kwa sababu ruhusa yangu ilikataliwa.

Nina jambo sikukuambia ukiwa hai. Kila Ijumaa, siku ambayo huku ndiyo watu wengi huenda misa, ulikuwa unanipigia jioni. Ulicheka kwanza: "Mmeshakula Jumapili yenu mapema?" Halafu ukaanza kazi yako ya ukatekista. "Injili ilikuwa gani, Consolata?" Nilikusimulia, nawe ukanifafanulia mpaka simu inakatika. Baba, nilikuwa naisoma kwenye simu dakika tano kabla hujapiga. Kwa miaka mitatu sikukanyaga kanisani.

Usidhani kuna mtu alinipotosha. Sikugombana na Mungu. Nilichoka tu. Kabla ya hapo nilikuwa nasimama misani kule Abu Hamour, kati ya mamia ya watu, miguu inauma, mdomo unasema "twakuomba utusikie," na ndani kimya. Nikangoja. Kimya hakikuisha.

Labda ilianza zamani, siku ya Mzee Wafula, yule seremala aliyetengeneza mabenchi ya kanisa letu. Alipojinyonga, padre alisema hataombewa kanisani, na wewe ndiwe uliyetumwa kufunga lango. Ukalifunga. Ukarudi nyumbani, ukakataa chakula. Alfajiri ukabeba jembe, ukaenda kuchimba kaburi pamoja na wanawe, mimi nyuma yako na ndoo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nikakuuliza, "Mungu amemkataa?" Ukasema, "Chota maji, mama." Mikono yako ilitoka malengelenge. Ile mikono niliiamini. Lile lango, sijawahi.

Habari ya kifo chako ilinikuta chumbani kwetu Fereej Bin Mahmoud. Ilikuwa Ramadhani, na Mwanaidi wa Tanga, ninayeishi naye, alikuwa amefunga. Alinivua viatu. Akanipikia uji, akanishikia kikombe, na yeye mwenyewe hajaonja hata maji tangu alfajiri. Akauliza, "Dada, nikuombee?" Nikamwambia, "Niombee wewe. Mimi siamini tena." Ndiyo mara ya kwanza nilisema kwa sauti. Nilidhani ataomba kuhama chumba. Akasema, "Haya. Kunywa uji."

Watu wasioamini kama mimi wana jina lao la Kizungu. Mimi natosheka na neno letu, utu.

Sasa hapa ndipo paliponishinda. Mdogo wangu Rose amejifungua mtoto wa kiume, amempa jina lako. Aliniomba niwe msimamizi wa ubatizo wake. Ningeweza kusema ndiyo, nimezoea kudanganya. Lakini pale mbele utaulizwa, unasadiki? Na nijibu nasadiki, nimembeba mtoto mwenye jina lako... Baba, sikuweza. Nikamwambia ukweli. Mdogo wangu alilia mpaka nikasikia mtoto naye ameanza. Na Mama, tangu aambiwe, hii ni wiki ya tatu hapokei simu yangu. Kila asubuhi nampigia nikingoja basi la kazini. Inaita, inaita.

Sijui wewe ungefanya nini. Siku nikiwa na nguvu, nafikiri ungevuta kiti ukae karibu nami. Siku nikichoka, na siku hizi nachoka sana, nakuona umenipa mgongo.

Safari hii ruhusa imetoka. Nakuja Desemba. Kaburini kwako nitapalilia tu na kukaa kidogo, usitegemee sala. Ila nakuahidi hili: Jumapili ya kwanza nitamshika Mama mkono tupande kile kilima mpaka kanisani, akikubali. Magoti yake yamekwisha, na tangu uondoke anapanda peke yake. Watu watakapoinuka kwenda kupokea Komunyo, nitampisha apite, mimi nibaki nimekaa. Wanione. Sitajificha tena.

Akirudi, atanikuta palepale.

Pumzika, Baba. Kwaheri.

Binti yako,
Consolata