Neno Moja Tangu Mazishi

Olbalbal,
Jumatatu, 14 Novemba 2022

Dada Martha mpendwa,

Shikamoo. Bwana Yesu asifiwe. Hujambo huko Mbulumbulu, na shemeji Boazi hajambo? Maharage yameota, au nanyi mnatazama mbingu kama sisi? Huku tu wazima wa mwili. Nimeinuka mara tatu tangu nianze barua hii, nikaenda kuwaangalia ng'ombe ambao hawana hata nguvu ya kwenda popote. Nivumilie.

Mvua haijanyesha. Kati ya ng'ombe arobaini na wawili aliotuachia baba wamebaki tisa, na wawili kati ya hao tunawainua kwa mikono kila asubuhi. Kwenda kwenye maji ni mwendo wa kutwa. Jirani yetu, mzee Lekoko, ameniuliza zaidi ya mara moja huyu Mungu ninayemhubiri ana ugomvi gani na majani. Nilimwambia tuvumilie. Akacheka, akasema ng'ombe hawajui Kiswahili hicho.

Habari za mtoto nilikupa kwa simu, lakini mtandao ulikatika nikiwa nimesema machache. Nashipai alianza kukohoa Jumanne moja mwezi uliopita. Alhamisi mke wangu Sintamei alimbeba, tukatembea hadi barabarani, dereva mmoja wa watalii akatuhurumia, akatupakia. Mtoto alikata roho kabla hatujafika hospitali Karatu. Alikuwa na wiki saba. Mchungaji alikuwa safarini, kwa hiyo nilimzika mwenyewe, mimi baba yake na mwinjilisti wa mtaa. Nilihubiri bila sauti kutetemeka. Watu wakanisifu. Hata wewe ulisema imani yangu ni mwamba.

Dada, sifa hiyo imeninyima usingizi. Tangu siku ile sijaomba. Kila Jumapili nilifumba macho nikatamka maneno niliyoyakariri chuoni, na moyoni hamkuwa na kitu.

Jana niliongoza sala ya kuomba mvua. Niliinua mikono, maneno yakagoma. Nikawaambia washarika ukweli: kwamba nina hasira na Mungu, na kwamba tangu mazishi nimekuwa nikiwadanganya. Wazee wawili walichukua fimbo zao wakatoka. Wengine wakatazama chini. Ndipo Sintamei, ambaye hajawahi kuomba mbele za watu, akasimama.

"Mungu," alisema, "hata mimi nimekukasirikia. Lakini sina mwingine wa kumwambia."

Akakaa. Akina mama wakaitikia amina, mmoja mmoja, kisha wote.

Tukirudi nyumbani nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akajibu kwamba alikuwa akingoja nianze mimi, maana mimi ndiye mwinjilisti.

Kesho nakwenda Karatu kumweleza mchungaji. Akinivua utumishi, sitabishana naye. Leo asubuhi nikiwa malishoni nilifungua kinywa ili niombe, nikaweza neno moja tu: Nashipai. Nikalirudia mpaka nikalia. Sijui kama hiyo ni sala. Najua tu kwamba nilikuwa namwambia Mungu, na nilimaanisha.

Tusalimie shemeji na watoto wote. Tafadhali usinijibu kwa mistari ya Maandiko, ninayo mingi. Ukiweza kuacha shamba siku chache, njoo ukae na Sintamei. Hajapata mtu wa kulia naye, na mimi ndiyo kwanza naanza.

Ni mimi mdogo wako,
Tajewo