Ulipoulizwa Una Ugonjwa Gani, Baba

Baba yangu,

Nakuandikia nikiwa Nairobi, kwenye ghorofa tunayoijenga, nimekalia mfuko wa saruji. Shule unajua nilivyoiacha njiani, kwa hiyo nipokee na mwandiko wangu huu.

Siku ile nilikuwa nimekuja likizo, tumekaa barazani, kwenye daka la nyumba yetu mtaani Langoni. Ulikuwa umestaafu kuendesha boti ya hospitali ya serikali, ile uliyobebea wagonjwa wa Kiunga na Pate miaka yote. Akaja wakala wa bima, kijana wa hapohapo mtaani. Alitueleza vizuri, sitamsingizia: "Bwana, kadi yako ya serikali inalipa kitanda na dawa za kawaida. Upasuaji mkubwa inalipa kiasi tu, kinachobaki ni juu yako. Hii bima ya ziada ndiyo inayobeba hicho kinachobaki."

Ukacheka. "Nimeitumikia nti hii mpaka mgongo umepinda, na bado haitoshi?" Lakini ulikubali, kwa kuwa nilikuomba mimi.

Kalamu niliishika mimi, maana miwani yako ilikuwa imevunjika. Nikasoma swali: una ugonjwa wowote? Ukajibu ulivyowajibu watu maisha yako yote, tunavyojibu sote kwetu hata tukiwa hoi kitandani: "Alhamdulillahi, mzima." Wakala akadakia, "Mzee yuko imara kutushinda sisi!" Nikaandika hapana.

Baba, vidonge vyako vya sukari vilikuwa kwenye kopo la biskuti, hatua tatu kutoka nilipokaa. Nilivijua. Mama alivijua. Nilidhani kukusahihisha mbele ya mgeni ni kukuvunjia heshima. Heshima gani ile?

Mguu ulipoanza kuoza, kadi ya serikali ilikufikisha wodini Mombasa, ikaishia hapo; gharama ya upasuaji ikabaki juu yetu. Kampuni ya bima ikaomba karatasi zako za kliniki, ikakuta sukari ya miaka mingi, ikakataa kulipa. Dada mmoja wa ofisini akaniambia kwa simu, bila ukali: "Kaka, aliulizwa akasema hana. Angesema ukweli, angesubiri miezi kadhaa tu, kisha tungelipa." Miezi hiyo ilikuwa imeshapita zamani. Hilo ndilo linalonichoma. Bima tulikuwa nayo, tukaiharibu wenyewe kwa jibu la salamu.

Tukaanza kuchangishana, mguu haukutusubiri. Nilipokuuliza unajisikiaje, siku chache kabla hatujakuzika, ulinijibu, "Alhamdulillahi, mwanangu," huku umeuma meno. Nilikukasirikia, baba. Bado nakukasirikia, halafu najikasirikia zaidi, maana mkono ulioandika ni huuhuu unaobeba kokoto.

Juzi nimemtafutia mama bima ya aina ileile. Nikampigia, karatasi iko mapajani.

"Mama, una ugonjwa gani?"

"Mzima, alhamdulillahi. Wewe je, wala vizuri huko?"

Presha anayo tangu mimi mdogo. Nikamwambia, "Mama, salamu tumeshazimaliza. Chukua lile kopo la biskuti, unitajie dawa mojamoja."

Kisha nikasikia kifuniko kikifunguka.

Mola akurehemu, baba, na mimi anisamehe.

Mwanao, niliyeandika hapana.