Vipande Thelathini na Kimoja

Blaine, Minnesota
14 Januari 2024

Dada Tumpe, shikamoo.

Kwa masikitiko makubwa ninautangazia ukoo wote, wa Tukuyu na wa huku Marekani kwenye baridi, kifo cha sufuria yetu ya ugali, kilichotokea jana baada ya kuungua kwa muda mfupi. Marehemu ameacha mwiko mmoja na mke wangu Joan, ambaye hanisemeshi mpaka sasa.

Chanzo ni barua ya hospitali ya Saint Paul. Wanafanya utafiti kwa watoto wenye mtindio wa ubongo kama Careen wetu. Wanaufunga ule mkono mzima wiki nane, mtoto anafundishwa kutumia uliokaza, huku amevaa kofia inayoupa ubongo umeme kidogo. Lakini mwisho ni miaka minane, na Careen anaitimiza Juni. Akikosa sasa, amekosa.

Machi watampima: ahamishe vipande vya mbao toka sanduku hadi sanduku kwa mkono wa kulia, huo uliokaza, dakika moja. Hapo nilikuwa nimefika ukurasa wa pili wa barua, moshi ukaniita. Nimemjaribu nyumbani kwa mbao za paleti za mizigo nilizookota kazini, kwenye ghala letu la mji wa Savage. Vitano, dada! Niliona aibu kama ya matokeo yangu ya darasa la saba.

Mdogo wako,
Damas


Tukuyu
21 Januari 2024

Marahaba, mdogo wangu. Sisi wazima, mvua tu imezidi. Poleni na msiba wa sufuria.

Nimefundisha miaka thelathini na minne. Mtoto haingii chumba cha mtihani hivi hivi. Mazoezi asubuhi, mazoezi jioni, saa iwe mezani. Akilia, mfute machozi, aendelee. Wewe tulikuonea huruma, ona sasa unabeba maboksi. Wazungu wasije wakasema tumewapelekea mtoto asiyefundishwa.

Msalimie Joan. Mwambie mimi wifi yake nitamnunulia sufuria.

Dada yako,
Mwalimu Tumpe


Blaine
18 Februari 2024

Shikamoo dada. Huku tunaendelea, isipokuwa kitambi changu, ambacho kimeendelea kutuzidi wote.

Nimemgundulia Careen ujanja. Asikishike kipande, akibane ukutani mwa sanduku kwa kifundo cha mkono, akiburute mpaka kivuke. Jana ishirini na sita! Ngozi imechubuka, nimeweka plasta. Ananiambia kwa Kiingereza amechoka, nami najifanya Kiingereza kimenipita.

Joan kanuna. "Damas, wanataka kumwona alivyo. Hiyo barua umeisoma mpaka mwisho?"

"Nimesoma," nikasema.

Mdogo wako,
Damas


Blaine
8 Machi 2024

Shikamoo dada. Thelathini na kimoja. Muuguzi alipiga makofi. Nitaandika.

Damas


Tukuyu
19 Mei 2024

Damas, hamjambo huko? Mbona kimya?

Barua yako ya mstari mmoja niliisoma kanisani, watu wakasimama. Kina mama wa kwaya wamemshonea Careen gauni lenye vifungo mbele, ajifunge mwenyewe kwa mkono wake mpya. Rafiki yako Khalfan yuko huku likizo, nimempa alilete. Kofia ya umeme haimuumizi? Picha iko wapi? Miezi miwili sasa! Au umeshakuwa mtu mkubwa?

Mimi dada yako


Blaine
16 Juni 2024

Dada, shikamoo. Gauni limefika, limemkaa vizuri. Leo sina tangazo.

Siku ile, baada ya makofi, daktari aliniketisha. Mama mpole sana. Akasema utafiti ni wa watoto wasiofikisha vipande ishirini. Mkono wa Careen una nguvu mno, hawawezi kumchukua. Iko ukurasa wa tatu. Kisha akauliza, "Hivi ndivyo anavyofanya kila siku?"

Dada, alinifungulia mlango. Ningesema ni ujanja, kwamba nyumbani hawezi kushika kijiko, labda wangempima upya. Careen alikuwa ananitazama, jasho puani, anacheka. Nikasema ndiyo. Najidanganya kwamba nilimwonea huruma. Ukweli niliona haya kukiri mbele ya yule mama kwamba nimemfundisha mtoto wangu kughushi.

Garini akaniuliza kama ameshinda. Nikamwambia ameshinda. Mkono ulizidi kukaza siku nne, hata kuvaa soksi akawa analia. Kila Jumatatu ananiuliza kofia yake inakuja lini.

Joan aliupata ukurasa wa tatu chini ya jiko, una masizi. Alipiga simu hospitali. Nafasi ilishachukuliwa na mtoto mwingine. Hanisemeshi, na safari hii siyo sufuria. Jumatano iliyopita Careen alitimiza miaka minane.

Kanisani waambie wewe. Mimi siwezi. Sikulaumu, dada, ulisema mazoezi, hukusema uongo. Ila usinitumie tena sifa za kwaya.

Sasa hivi tumechelewa ibada. Amevaa gauni, kakataa nimfunge, anasema Shangazi kamtumia ajifunge mwenyewe. Ameubana mkono kifuani, anakiburuta kifungo kwa kifundo, vile vile nilivyomfundisha. Joan amesimama mlangoni na funguo za gari, ananitazama mimi, si mtoto.

Bado yuko kwenye kifungo cha kwanza.

Mdogo wako,
Damas